Vifaa vya kumrudisha kazini mbwa aliyeumia msuli: cha kununua, cha kulipia na cha kuachana nacho

Mbwa wa kazi akianza kuchechemea mguu wa nyuma, maduka ya mtandaoni yana majibu tele: mipira ya mazoezi, hanesi zenye vishikio, taa za leza, vizuizi vya kuruka, ngazi za kupandia gari. Karibu vyote vinauzwa bila muuzaji kuuliza swali la kwanza: msuli gani umeumia? Bila jibu hilo, kifaa kizuri kinaweza kumrudisha mbwa nyuma mwezi mzima.

Tathmini hii imewalenga wanaotunza mbwa wanaotumika kweli: bloodhound wanaofuata nyayo za majangili Mara, Malinois wanaonusa pembe za ndovu bandarini na kwenye viwanja vya ndege (wengi walioandaliwa katika kituo cha shirika la uhifadhi wa wanyamapori, AWF, pale Usa River, Arusha), mbwa wa ulinzi, na mbwa wa mashindano. Tutakaa na jeraha moja, la msuli wa iliopsoasi, kwa sababu ni la kawaida kwa mbwa wa aina hii na ndilo linalokosewa mara nyingi zaidi.

Iliopsoasi huanzia chini ya uti wa mgongo wa kiunoni na ndani ya fupa la nyonga, hupita kinenani, kisha hujishika kwenye kinundu kidogo upande wa ndani wa fupa la paja. Kazi yake ni kukunja nyonga na kuvuta paja mbele. Huchanika mguu unapovutwa nyuma au pembeni ghafla wakati msuli wenyewe umejikaza: mbwa anateleza kwenye vigae vya ukumbi wa mizigo, au anaruka kutoka nyuma ya Land Cruiser na misuli ya baridi baada ya saa kadhaa kizimbani. Neva ya paja hupita ndani ya msuli huu, kwa hiyo uvimbe mkubwa unaweza kulegeza hata goti.

Dalili zake hujificha. Mbwa hachechemei muda wote. Anafupisha hatua ya mguu mmoja, anasita kupanda gari ambalo wiki iliyopita alilirukia, anaketi akiwa ameutupa mguu pembeni. Akipata joto anaonekana mzima, akilala saa moja anaamka amekakamaa.

Uchunguzi: hapa ndipo pesa iende kwanza

Kama bajeti inatosha jambo moja tu, lipia daktari wa mifugo anayejua viungo na misuli. Wapo waliosomea fani hii: Marekani chuo cha wabobezi wa tiba ya michezo na viungo kwa wanyama, ACVSMR, kilitambuliwa mwaka 2010, na kuna vyeti kama CCRT na CCRP kwa madaktari na wataalamu wa tiba ya viungo. Ukikosa mtu wa namna hiyo karibu nawe, bado unaweza kumpima daktari kwa anachokifanya.

Uchunguzi mzuri huanza mbwa akiwa chini, wala si mezani. Anatembezwa kwenye sakafu ngumu isiyoteleza, kisha kwa mchakamchaka, akitazamwa mbele, nyuma na ubavuni. Chukua video ya simu katika mwendo wa polepole, fremu 120 kwa sekunde au zaidi, kamera ikiwa usawa wa tumbo la mbwa. Ukiirekodi ukiwa umesimama wima, hatua iliyofupishwa haionekani vizuri.

Baada ya hapo mikono. Kila kiungo kinakunjwa na kunyooshwa, mguu usioumia ukianza ili mbwa azoee. Kwa iliopsoasi kipimo chenyewe ni kunyoosha nyonga nyuma huku paja likizungushwa kwa ndani. Kunyoosha peke yake kunaweza kupita bila tatizo. Ukiongeza mzunguko, mbwa mwenye jeraha hugeuza kichwa, hulamba midomo au hukaza tumbo. Kisha vidole vinafuata msuli ndani ya paja, mpaka pale unapojishika.

Daktari akiishia hapo, mwombe aendelee. Nyonga iliyochakaa nayo huuma ikinyooshwa. Maungio ya kiuno na fupa la mkia nayo huuma, hasa ukiyabonyeza kwa juu au ukiinua mkia. Kano ya ndani ya goti iliyokatika humfanya mbwa aketi mguu ukiwa pembeni vilevile. Na mara nyingi iliopsoasi huumia kwa kuwa moja ya hayo limeshabadilisha mwendo wa mbwa. Ukitibu msuli ukaacha goti, jeraha litarudi.

Eksirei haionyeshi msuli, lakini inafaa kuondoa shaka ya mfupa. Picha ya msuli yenyewe ni ultrasaundi. Hapa mteja hulipia picha isiyomsaidia, kwa sababu kliniki nyingi zina proba (kichwa cha mashine kinachogusishwa mwilini) iliyopinda ya megahezi 3.5 hadi 5, iliyonunuliwa kwa ajili ya mimba. Hiyo huona mbali, lakini nyuzi za msuli wa juujuu huziona kama ukungu. Uliza kabla ya kwenda: kuna proba bapa inayofika megahezi 10 au zaidi? Nywele zitanyolewa? Mguu wa pili utapigwa picha ili kulinganisha? Jibu likiwa hapana kwa maswali mawili kati ya hayo, tafuta kwingine.

Jeraha bichi huonekana kama sehemu nyeusi iliyokatiza mistari ya nyuzi, kwa sababu ya damu na maji. Jeraha la zamani huonekana jeupe, maana ni kovu. Dai ripoti yenye vipimo vya milimita, picha za urefu na za kukatiza, ili picha ya pili baada ya wiki sita iwe na cha kulinganishwa nayo. Ripoti inayosema tu "msuli umevimba" haikusaidii kupanga chochote.

Tepu na kipima pembe: vya bei ndogo, vya thamani kubwa

Hakuna kifaa katika tathmini hii kinacholipa kuliko tepu. Inayofaa zaidi ni ya aina ya Gulick, yenye springi ndogo mwishoni inayokuonyesha umeivuta kwa nguvu kiasi gani. Tepu ya fundi cherehani hufanya kazi pia, ila mkono wako ndio utakaokuwa springi, kwa hiyo mtu yule yule apime kila wiki.

Mlaze mbwa ubavu, mguu ukiwa umelegea na umekunjika kama anavyoukunja akisimama. Pima urefu wa paja kutoka nundu ya nje ya nyonga mpaka ubavu wa nje wa goti. Weka alama kwenye asilimia 70 ya urefu huo kutoka juu: paja la sentimita 20, alama ni sentimita 14. Zungusha tepu hapo, soma mara tatu, chukua wastani. Fanya mguu wa pili. Tofauti ya nusu sentimita inaweza kuwa ya mkono wako au nywele zilizonyolewa upande mmoja. Ikizidi sentimita moja na ikajirudia wiki inayofuata, msuli unapungua na programu inahitaji kubadilishwa. Kosa la kawaida ni kupima mbwa akiwa amesimama: anauegemea mguu mzima, misuli inajikaza, namba zinadanganya.

Kipima pembe cha plastiki kinachotumiwa na wataalamu wa tiba ya viungo vya binadamu kinatosha kabisa. Kwa nyonga, kitovu chake kinakaa juu ya nundu ya nje, mkono mmoja unafuata fupa la nyonga kutoka ncha ya mbele hadi ya nyuma, mwingine unafuata fupa la paja. Labrador mzima hukunja nyonga hadi kama digrii 50 na kunyoosha hadi 162. Goti hukunja hadi 42 na kunyoosha hadi 162. Mbwa wa aina nyingine hutofautiana, kwa hiyo kiwango chako cha kweli ni mguu usioumia wa mbwa huyo huyo. Simama pale mbwa anapoanza kukataa na uandike digrii hizo. Anayelazimisha digrii mbili zaidi ili namba ipendeze anaweza kuchana upya kilichokwisha kushikana.

Barafu, joto na dawa

Pakiti za jeli zinazouzwa kwa wanamichezo ni nzuri, lakini nyingi huganda zikawa ngumu na hazikai vizuri kinenani. Tengeneza yako: spiriti sehemu moja, maji sehemu mbili, ndani ya mifuko miwili ya plastiki yenye zipu, mmoja ndani ya mwingine. Ikitoka friza inabaki tepetepe na kujilaza kwenye paja. Weka taulo lililoloa kati yake na ngozi, dakika 10 hadi 15, kila baada ya saa sita hadi nane kwa siku tatu za kwanza. Funua ukague ngozi baada ya dakika tano.

Joto lisubiri siku hizo tatu zipite. Mfuko wa mchele uliopashwa unatosha. Ujaribu kwenye ngozi ya ndani ya mkono wako kwanza. Dakika 10 kabla ya mazoezi.

Kuhusu dawa tuseme wazi, kwa sababu mbwa hufa kwa hili. Diklofenaki na ibuprofeni za duka la dawa za binadamu humchoma mbwa tumbo mpaka vidonda na huweza kuua figo. Zipo dawa za mbwa, kama karprofeni na meloksikamu, na kipimo chake hupangwa na daktari kwa uzito. Na kama mbwa ameshachomwa sindano ya deksamethasoni, mwambie daktari kabla hajampa dawa hizo, kwa sababu mchanganyiko huo ni njia ya mkato ya kupata vidonda vya tumbo.

Fito za kuvuka: nunua koni, acha seti

Fito za chini ndizo shule ya kumfundisha mbwa tena kuinua kila mguu sawa na mwenzake. Seti za madukani huja na fito fupi, mara nyingi nne tu, na vishikio vinavyobana. Hapo ndipo kasoro ilipo: fito ikigongwa ni lazima ianguke. Fito iliyobanwa humkwaza mbwa, naye hujitetea kwa kuruka, jambo ambalo hutaki.

Nunua koni za plastiki zenye matundu, kisha ukate mabomba ya PVC ya kipenyo cha milimita 20 au 25, urefu wa mita moja hadi 1.2, sita au nane. Usitumie chuma. Nafasi kati ya fito ianzie kimo cha mbwa begani: mwenye sentimita 62, fito ziachane sentimita 62 kwa mchakamchaka, kisha urekebishe kwa sentimita tano tano mpaka mguu utue katikati ya nafasi. Kwa kutembea zisogeze karibu zaidi. Akigonga fito ile ile kila mara kwa mguu uleule, usimlaumu uzembe; huo ni ushahidi, uandike.

Kwa iliopsoasi urefu wa fito ndio hatari. Kila sentimita unayoinua inamtaka mbwa akunje nyonga zaidi, na kukunja nyonga ndiyo kazi ya msuli ulioumia. Ziwe chini kabisa ardhini, na zisianze kabla ya wiki ya nne. Baadaye zipande taratibu, zisivuke kifundo cha mguu wa mbele. Uwanja uwe nyasi au mpira. Kwenye vigae usithubutu.

Mipira ya kupulizwa

Mpira wenye umbo la karanga, kama wa FitPAWS, ni bora kuliko wa mviringo kwa sababu unabingirika pande mbili tu. Huja katika vipimo vya sentimita 40 na kuendelea hadi 80. Unaofaa ni ule ambao mbwa akiulalia kwa tumbo, miguu bado inagusa chini. Mipira ya mazoezi ya binadamu ya bei nafuu haikutengenezwa kwa kucha za Malinois. Ikipasuka mbwa akiwa juu yake, umepata jeraha la pili na mbwa asiyetaka tena kusogea karibu na kifaa.

Hata hivyo, kwa wengi hiki si kifaa cha lazima. Godoro la sponji la sentimita 10, au tyubu ya lori iliyojazwa nusu na kufunikwa blanketi zito, humpa mbwa uso unaoyumba kiasi cha kutosha. Miguu minne juu yake, sekunde 30, mara tatu hadi tano. Misuli ikianza kutetemeka, mgongo ukijikunja au mbwa akiinua inua mguu mmoja, amechoka, acha. Kuendelea baada ya hapo kunamfundisha kujiegemeza vibaya.

Jihadhari na picha za matangazo zinazoonyesha mbwa amepandisha miguu ya mbele juu ya mpira. Mkao huo unanyoosha nyonga na kuvuta iliopsoasi moja kwa moja. Una manufaa makubwa wiki ya saba, na ni balaa wiki ya pili.

Kinu cha kutembea ndani ya maji

Hii ni huduma ya kulipia, si kifaa cha kununua, na inastahili sifa zake ikitumiwa kwa wakati. Maji yakifika kifundo cha mguu wa nyuma, mbwa bado anabeba kama asilimia 91 ya uzito wake; yakifika gotini, 85; yakifika nyongani, 38. Kwa hiyo mtoa huduma anayejaza maji ya gotini akisema anapunguza mzigo kwenye viungo, amepunguza kidogo sana. Na wakati huo huo ameongeza kazi ya kukunja miguu, kwa sababu mbwa hujitahidi kuutoa mguu nje ya maji. Kwa jeraha la nyuma ya paja hilo linaweza kufaa. Kwa iliopsoasi bichi halifai.

Muulize kina cha maji, kasi, na muda wa mapumziko. Jibu zuri kwa mara ya kwanza ni maji ya nyongani, yenye nyuzi 28 hadi 32 za Selsiasi, vipande vya dakika moja au mbili visivyozidi dakika tano jumla. Anayeanza na dakika 20 mwache.

Kuogelea baharini hakuchukui nafasi ya kinu. Anayeogelea hapigi hatua. Anapiga teke kwa nguvu akikunja nyonga dhidi ya maji, tena bila kipimo. Wanaoishi Diani au Bagamoyo huona bahari kama tiba ya bure, na kwa msuli huu inaweza kuwa ndiyo sababu mbwa haponi.

Leza ya daraja la nne inasaidia maumivu kwa baadhi ya mbwa, lakini miwani maalumu kwa watu na kinga ya macho ya mbwa ni lazima, na manyoya meusi hupata joto haraka. Usinunue kwa matumizi ya nyumbani. Tiba ya mawimbi ya mshtuko ina nafasi yake zaidi kwenye kano zilizochakaa. Iamuliwe na daktari.

Hanesi na njia ya kupandia gari

Hanesi ya Help 'Em Up ina kishikio juu ya mabega na kingine juu ya nyonga, na kwa mbwa wa kilo 40 inaokoa mgongo wa mtunzaji pia. Kagua mikanda ya nyuma: isikate kinenani, kwa kuwa hapo ndipo palipoumia. Hanesi ya kufuatia nyayo ni suala jingine. Ile yenye mkanda unaokatiza kifua kwa mlalo huzuia bega kwenda mbele, mbwa anafidia kwa kusukuma zaidi kwa nyuma. Chagua yenye umbo la Y kifuani.

Ngazi za kukunja za kupandia gari zina kasoro ya hesabu. Nyingi zina mita 1.5 hadi 1.8. Sakafu ya nyuma ya Land Cruiser ikiwa sentimita 85 kutoka ardhini, mteremko unakuwa kati ya digrii 28 na 35, mkali mno kwa mbwa aliyeumia nyonga. Ubao wa mita 2.5 huushusha hadi kama digrii 20. Mpe seremala kazi hiyo: upana sentimita 45, mpira wa kuzuia kuteleza juu, kulabu mbili za kushika mlango wa nyuma. Hautakunjika, lakini mbwa ataupanda.

Ratiba ya kuvitumia

Kwa mchaniko mdogo hadi wa kati, wiki ya kwanza ni mapumziko kwenye chumba kidogo, na kutoka kwa kamba fupi dakika tano, mara tatu au nne kwa siku. Wiki ya pili dakika 10 za kutembea polepole. Polepole ndiyo dawa, kwa sababu anayekwenda haraka huruka mguu mbovu. Kisha ongeza dakika tano kila wiki. Wiki ya nne fito za chini. Wiki ya sita mlima mdogo na mchakamchaka wa dakika moja moja. Kazi kamili mara nyingi huwa kati ya wiki ya nane na ya 12, na mchaniko mkubwa huchukua zaidi.

Majeraha mengi hurudi wiki ya tatu, maumivu yakiwa yameisha na kovu likiwa bado changa. Hapo mbwa anajihisi mzima na mtunzaji anamwachia kamba.

Kabla ya kumruhusu kazini, nyonga inyooshwe na kuzungushwa ndani bila mbwa kulalamika, mapaja yasizidiane zaidi ya sentimita moja, aketi na kusimama mara 10 akiwa amenyooka, na akimbie mchakamchaka wa umbo la nane kushoto na kulia bila kufupisha hatua. Akipita, apashe misuli kwa dakika 10 za kutembea, afanye kazi dakika 20 tu, kisha mtazame kesho yake asubuhi anapoinuka, kabla hajapata joto. Akianza siku na hatua fupi, rudi kwenye kiwango cha wiki iliyopita na ukae hapo siku saba kabla ya kujaribu tena.